Epoksi Haifichi Kitu

Rangi humsitiri fundi. Ubao wenye ufa huzibwa, wenye doa hufunikwa, na mteja hajui lolote. Vanishi nayo husamehe kidogo. Epoksi angavu inayomwagwa juu ya meza haisamehe kabisa. Mkwaruzo wa msasa uliokatiza mishipa ya mbao, unywele wa brashi, mbu aliyetua wakati mbaya: vyote vitakaa humo, wazi kwa kila anayekuja kula, kwa muda wote ambao meza hiyo itadumu. Ndiyo maana nawaheshimu sana mafundi wanaoifanya kazi hii vizuri, na ndiyo maana si wengi.

Epoksi yenyewe si ngeni kwetu. Kila aliyewahi kuunga kikombe kilichovunjika kwa Araldite, ile gundi ya mirija miwili, ameishika. Mkemia Pierre Castan aliifanyia kazi Uswisi katika miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na mwaka 1946 kampuni ya Ciba ikaitoa sokoni kama gundi. Inayomwagwa juu ya meza na kaunta za baa ni ya ukoo huohuo, ila imefanywa nyepesi na angavu, nayo huuzwa katika makopo mawili: moja la resini, la pili la kigumishi. Vikikutana, havikauki kama rangi inavyokauka kwa kupoteza kimiminika chake. Vinashikana, vinatoa joto, vinakuwa kitu kimoja kigumu, na hakuna kurudi nyuma.

Kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, mbao zinazofika kwenye kazi hii ni za kila aina. Kuna mninga, ambao mti wake ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, kuna mvule, kuna mwembe, ambao zamani wengi waliuona wa kuni tu, na sasa mistari yake myeusi inatafutwa. Fundi mzuri huanza kwa kuukataa ubao mbichi. Unyevu ukizidi asilimia 12 hivi, ubao utaendelea kusinyaa chini ya epoksi, na siku moja vitaachana. Pwani, hewa yenyewe ina maji mengi, kwa hiyo kungoja ubao ukauke kunamaliza uvumilivu wa mteja kabla kazi haijaanza. Baada ya hapo huja randa, kisha msasa namba 120, kisha 220, siku zote kufuata mishipa. Vumbi linafyonzwa, ubao unafutwa, na kuanzia hapo hakuna anayeugusa kwa mkono mtupu, maana tone la mafuta ya ngozi linatosha kuifanya epoksi ijikusanye pembeni na kuacha shimo.

Sasa inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ubao umejaa hewa. Ukipata joto, hewa hiyo hutanuka na kutoka kupitia vitundu vyake. Ukipoa, hewa husinyaa na ubao ukavuta kutoka nje. Anayemwaga epoksi nene asubuhi kwenye ubao mtupu, jua likizidi kupanda, atatazama viputo vikichomoza saa baada ya saa, na akivipasua hivi vinakuja vingine. Fundi anayejua huuacha ubao ushinde kwenye joto la karakana mchana kutwa. Jioni, joto likianza kushuka, anapaka tabaka jembamba tu, la kuziba, akilisukuma kwa brashi kwenye kila kifundo na kila ufa. Ubao unapopoa unaivuta epoksi wenyewe. Nimesimama pembeni nikaona tabaka hilo likizama polepole kwenye mishipa ya mninga, rangi ikibadilika kutoka kahawia ya vumbi kuwa nyekundu iliyoiva, na sehemu moja karibu na kifundo ikafifia tena kwa kuwa ilikuwa bado ina kiu. Fundi akarudi na brashi, akaongeza. Hakusema neno.

Usiku wa pwani una hila yake. Unyevu wa hewa unaweza kuacha utando mwembamba wenye ukungu, unaonata kidogo, juu ya epoksi inayogandamana. Ukimwaga tabaka jipya juu yake halitashika. Kwa hiyo asubuhi ubao unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, unafutwa, unapigwa msasa mwepesi, unafutwa tena. Ndipo sasa asubuhi inapofaa. Vitundu vimekwisha zibwa, hewa haina pa kutokea, na hali bado ni baridi ya kumpa fundi nafasi ya kufanya kazi. Joto likiongezeka nyuzi 10 za sentigredi, epoksi hugandamana kwa kasi inayokaribia mara mbili. Saa sita mchana wa Januari si saa ya kumwaga.

Kuchanganya kunaonekana rahisi, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Epoksi nyingi za juu ya meza huchanganywa kimoja kwa kimoja kwa ujazo, nyingine viwili kwa kimoja, na kipimo hakikisiwi kwa macho. Kuongeza kigumishi ili ishike haraka ni kosa: kilichozidi hakina cha kushikana nacho, na meza hubaki inanata milele. Mkono unazunguka taratibu, kwa dakika kadhaa, ukikwangua kingo na kitako cha ndoo. Kisha vyote humiminwa kwenye ndoo ya pili, safi, na kukorogwa tena, kwa sababu kilichoganda kwenye kingo za ndoo ya kwanza hakikuchanganyika sawasawa.

Halafu hakuna kusitasita. Ndoo iliyojaa hupata joto kutoka ndani, na ikiachwa inaweza kuchemka na kutoa moshi. Ikishatandazwa juu ya meza, joto hutawanyika na haraka hupungua. Meza ya mita 2 kwa mita 1 inahitaji lita 6 kwa unene wa milimita 3, na unene huo ndio kiasi cha kumwaga kwa mara moja. Meza imeshapimwa kwa pima maji kila upande, kwa kuwa epoksi hujisawazisha yenyewe na haijali kama sakafu imeinama. Mwiko wenye meno unaisambaza, kingo zinapakwa kwa brashi. Kisha tochi ya gesi inapita juu, haraka, bila kutua popote, na viputo vinapasuka. Moto ukikaa mahali pamoja kwa sekunde chache zaidi, epoksi inaungua au kukunjamana. Feni imezimwa, milango imefungwa, nailoni imetandwa juu kama paa, na watu wanaondoka.

Kaunta za baa zina mtihani wao. Wenye baa hupenda vizibo vya soda na bia, sarafu, picha za zamani. Kizibo kina kina cha milimita 6 hivi na chini yake hushika hewa, kwa hiyo hujazwa kwanza kimoja kimoja na kugundishwa, la sivyo kitaelea. Picha ya karatasi hupakwa gundi pande zote mbili kabla, vinginevyo epoksi huiloanisha na kuacha mabaka meusi. Kazi ya namna hii humwagwa mara mbili au tatu, na ukiitazama kaunta iliyokamilika huwezi kuona mpaka kati ya tabaka na tabaka.

Nasisitiza jambo moja, kwa kuwa naona likipuuzwa: glavu, hewa ya kutosha wakati wa kuchanganya, na barakoa wakati wa msasa. Ngozi inayozoea kuguswa na epoksi mbichi inaweza siku moja kuikataa kabisa, ikavimba na kuwasha kila ikikutana nayo, na fundi akapoteza kazi yake.

Ukitaka kumjua fundi, usiishie kutazama juu. Inama, uitazame meza dhidi ya mwanga wa dirisha uone kama uso wake una mawimbi, kisha pitisha mkono chini ya ukingo. Asiyejali huacha matone yaliyoganda huko. Anayejali alirudi wakati yangali laini akayakwangua. Na ukishaagiza yako, mpe wiki nzima kabla hujaitumia, wala usiweke juu yake sufuria iliyotoka jikoni, maana joto la sufuria litaacha alama. Usimharakishe, na umlipe vizuri.