Ile Kasoro Ndiyo Ngoma

Tafuta video za watu wanaochezea chipu za sauti za zamani, utaona kitu kilekile mara kumi. Bodi ya Arduino, nyaya zimetapakaa mezani, noti moja ndefu, filta inafunguliwa polepole: wuuuuu. Basi, video imeisha. Huko chini watu wanasifu eti hiyo ndiyo sauti halisi. Poa. Lakini wimbo uko wapi?

Chipu inayosakwa sana ni SID 6581, aliyoibuni Bob Yannes na ikaingia kwenye kompyuta ya Commodore 64 mwaka 1982. Ina miguu 28, filta isiyofanana kati ya chipu moja na nyingine, na sauti 3 tu. Tatu! Ukitaka besi, melodi, kodi na ngoma, zimeisha kabla hujaanza. Watunzi wa muziki wa michezo kama Rob Hubbard na Martin Galway walikuwa kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kifupi. Sauti moja ilirushwa kati ya noti kadhaa haraka mpaka sikio likadhani ni kodi nzima. Ngoma ikabanwa kwenye upenyo kati ya noti za besi. Sikiliza Monty on the Run ya Hubbard, ya 1985, halafu uniambie kama uzuri uko kwenye filta.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Ukibadilisha volyumu ya 6581 ghafla, inatoa mlio mdogo, tak. Hiyo ni kasoro, hakuna aliyeipanga. Maprogramu wakaibadilisha mara maelfu kwa sekunde, na chipu ikaanza kupiga ngoma zilizorekodiwa, hata kuongea. Kisha ikaja 8580, toleo safi zaidi, na zile ngoma karibu zikapotea. Wapenzi wa mashine hizi walifanya nini? Walichukua resista moja, wakailehemu, wakairudisha ile kasoro. Mazee, huo ndio uhakiki wa muziki ninaouelewa.

Ndiyo maana zile video zinaniudhi. Commodore ilifilisika mwaka 1994, na chipu hizi hazitengenezwi tena. Nyingi zinazouzwa zimeng'olewa kwenye kompyuta iliyokuwa bado inapumua. 6581 inataka volti 12, 8580 inataka 9. Ukizichanganya, unaweza kuizika 8580 hapo hapo mezani. Kama unachotaka ni wuuuuu tu, kuna programu za kuiga SID na hazikugharimu chochote. Sikio langu, na pengine lako pia, halitajua tofauti.

Nipe badala yake yule anayeanza na rejista ya volyumu, anayepiga ngoma kwa kasoro, kisha anabaki akibishana na sauti tatu hadi usiku wa manane akitafuta pa kuificha besi. Huyo hata akichoma chipu mbili, mwacheni.