Ni Salama, Lakini Wimbi Liko Wapi?

Tulipomzika babangu Msambweni, kwaya iliimba "Ni Salama Rohoni Mwangu". Nilikasirika. Salama ya nani? Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo yote ilimalizikia kwenye matibabu, mamangu hajala siku mbili, halafu watu wanasimama kaburini wanatuambia ni salama. Niliona huu ni wimbo wa kunyamazisha wafiwa. Tangu siku hiyo nimeusikia matanga mengi, Ukunda hadi Lunga Lunga, na kila mara nautafutia kosa. Kosa nimelipata, ila silo nililodhani.

Maneno yake ni ya Horatio Spafford, wakili wa Chicago. Novemba 1873 mkewe Anna na mabinti zao wanne walikuwa wakivuka Atlantiki kwa meli ya Ville du Havre. Meli ikagongana na nyingine, ikazama na watu 226. Anna aliokolewa. Watoto wote wanne walikufa maji. Spafford akapanda meli kumfuata mkewe, na inasimuliwa kwamba wimbo ulitoka katika safari hiyo.

Sasa linganisha. Katika Kiingereza, ubeti wa kwanza unafananisha amani na mto, na huzuni na mawimbi ya bahari. Katika tafsiri tuliyoizoea, amani imepata neno zuri, "shwari", neno la mabaharia hasa. Lakini huzuni imeitwa "shida" tu, basi. Wimbi halipo. Mfasiri ametuachia bahari iliyotulia, akaiondoa ile iliyoua.

Pengine bara jambo hili si kitu. Huku kwetu ni kitu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani tu na Likoni tunakovukia kwenda mjini, ilipinduka karibu na ufuo. Watu 272 walikufa. Ukitaja shida huku, mtu anafikiria unga na karo. Ukitaja wimbi, kuna nyumba zitanyamaza. Yaani wimbo wa baba aliyenyang'anywa watoto na bahari umewafikia watu walionyang'anywa wao na bahari, na bahari yenyewe imefutwa. Ndiyo maana mimi niliusikia kama dawa ya usingizi.

Ila maneno yakisahau, tuni haijasahau. Philip Bliss, aliyeitunga mwaka 1876, aliipa jina la meli ileile, Ville du Havre. Na sikiliza kiitikio chake: kundi moja linatangulia, la pili linarudia nyuma yake. Siku ile shangazi yangu alikuwa kundi la kwanza. Sauti ikamkatika. Wenzake kando yake nao wakaanza kulia, kundi lote likanyamaza. Kundi la pili likaitikia vilevile, kana kwamba limesikia. Zamu ikarudi, kimya tena. Wakaitikia tena. Majirani zetu Wadigo, Waislamu waliochimba kaburi pamoja nasi, walikuwa wamesimama kando na majembe yao, hakuna aliyesogea mpaka wimbo ukaisha.

Nimechukua muda kuelewa nilichokiona. Nilidhani imani inamtaka mfiwa aseme yuko sawa. Wimbo huu haumdai hivyo. Umeacha nafasi ya mtu kushindwa, na umeweka watu wa kushika neno mpaka aweze. Kama kuna ujasiri hapa, si wa mtu mmoja mwenye moyo wa chuma. Na tumaini lake si bima: mwaka 1880 Spafford na Anna walimzika na mtoto wa kiume, aliyeuawa na homa. Aliandika "salama" bila kuahidiwa kwamba wimbi lile lilikuwa la mwisho.

Kwa hivyo ninalo ombi kwa wanaohariri vitabu vyetu vya nyimbo: rudisheni wimbi. Shwari haina maana kwa mtu asiyeambiwa kulikuwa na dhoruba. Mfiwa wa Gazi au Shimoni hahitaji kufichwa bahari, anaiona kila asubuhi.

Mimi chuo bado sijarudi, na ubeti wa kwanza bado unanishinda. Kiitikio naimba. Nasimama kundi la pili.