Chini ya Ngozi ya Simba Kuna Mtu

Sisi waandishi chipukizi tuna ugonjwa mmoja, na nauita ugonjwa kwa sababu unaambukiza. Tukianza hadithi, ukurasa wa kwanza lazima pawe na maiti. Ukimuuliza mwandishi muuaji ameuaje, atakueleza yote, mpaka aina ya bastola. Ukimuuliza kwa nini ameua, anakujibu: "Si alikuwa jambazi, bwana!" Basi, yamekwisha. Jambazi ameua kwa kuwa ni jambazi, na ni jambazi kwa kuwa ameua. Tumezunguka mbuyu tukarudi palepale.

Leo nataka tuulizane jambo ambalo naona tunalikwepa: ukatili unatoka wapi? Ni kitu alichozaliwa nacho binadamu, au ni jamii inayomvisha? Na je, riwaya zetu za Kiswahili zimelijibu vipi swali hili?

Naandika haya nikiwa Singida, na wanaojua historia ya mkoa huu wameshanielewa. Kati ya mwaka 1946 na 1948 vijiji vya Wanyaturu vilikumbwa na mauaji ambayo wazee wakiyataja hushusha sauti. Watu walikutwa wamekufa, miili imechanwachanwa kama kwamba simba amepita. Mwanzoni ikasemwa ni simba. Baadaye ikaja kuonekana kwamba nyuma ya kucha zile kulikuwa na mikono ya watu. Serikali ya Mwingereza ikaleta polisi, watu wakakamatwa, kesi zikasikilizwa, wengine wakahukumiwa kunyongwa. Habari zikasambaa kwa jina la watu-simba wa Singida. Masimulizi nayo yakaongezeka: eti walikuwako vijana waliofichwa na kulelewa mpaka wakawa kama wanyama, eti vijana hao walikuwa na wenyewe waliowamiliki, eti ukiwa na adui na una cha kulipa unaweza kuazima simba. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, ambaye aliishi na Wanyaturu kwa ajili ya utafiti, alichapisha makala ya kuyapima upya mambo hayo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maana yake hata wasomi hawakuridhika na maelezo ya kwanza.

Sasa linganisha na Njombe. Miaka hiyohiyo, kule kusini, simba wa kweli, wenye manyoya na mkia, walikula watu kwa miaka mingi mpaka George Rushby wa idara ya wanyamapori alipofanikiwa kuwamaliza mwaka 1947. Huko wananchi wengi waliamini kuwa simba wale wametumwa na mganga. Kwa hiyo Njombe mnyama alivishwa mtu, na Singida mtu alijivisha mnyama. Pande zote mbili za nchi, maiti ikilala njiani, watu walitafuta ngozi ya kufunikia swali. Kwa maoni yangu, tabia hiyo haikuishia mwaka 1948. Imehamia kwenye vitabu vyetu.

Tuanze na vitabu tunavyovipenda. Nani kati yetu hakukesha na Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba, au Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa? Mimi nilivisoma vikiwa havina jalada, vimepita mikono ishirini kabla ya kunifikia, na kurasa za mwisho ukisimuliwa kwa mdomo na aliyekutangulia. Siwadharau hata kidogo. Hawa ndio waliotufundisha kuwa sentensi ya Kiswahili inaweza kukimbia. Mtobwa alithubutu hata kukiita kitabu chake *Najisikia Kuua Tena*, jina ambalo peke yake linamfanya mtu anunue. Lakini angalia ukatili unakaa wapi katika hadithi za aina hii. Unakaa kwa adui. Adui ametoka nje, ana fedha za nje na njama za nje. Willy Gamba naye anaua, tena anaua sana, lakini kuuwa kwake ni kazi ya taifa. Ukifunga kitabu unalala usingizi mzuri kwa sababu wabaya wamekwisha, na wewe hukuwa mmoja wao. Hiyo ndiyo ngozi ya simba ya kwanza: ubaya ni wa mwingine.

Anayetunyima usingizi huo ni Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Chukua *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, kitabu ambacho kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Watu walikipigia kelele kwa sababu ya mapenzi. Mimi nikikisoma naona zaidi fimbo. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Zakaria si jasusi. Ni mzee tunayemsalimia "shikamoo" kila asubuhi. Na katika nyumba zetu nyingi, kipigo kama kile kinaitwa malezi. Rosa anabeba hofu ile mpaka shuleni na chuoni, na ukandamizwaji ukigeuka kuwa fujo, mwisho wake anajiua. Kezilahabi anatuonyesha mtoto wa kwanza wa ukatili ni yule anayefundishwa nyumbani kwamba mwenye nguvu haulizwi.

Halafu mwaka 1975 akaja na *Dunia Uwanja wa Fujo*. Hapa ndipo penye kazi. Tumaini ni kijana aliyerithi mali, akaila ujana, akatulia, akajenga utajiri wake kwa shamba. Inapokuja siasa ya Ujamaa na mali inachukuliwa, anampiga risasi kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Msomaji wa Tanzania hawezi kusoma hayo bila kukumbuka Iringa. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Said Mwamwindi wa Isimani alimuua kwa bunduki Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, kisha akaupeleka mwili mwenyewe kituo cha polisi. Alishitakiwa, akahukumiwa, akanyongwa.

Tazama jinsi mji unavyopenda kulisimulia tukio kama hilo. Wapo wanaosema Mwamwindi alikuwa katili tu. Wapo wanaosema siasa ya vijiji ilimsukuma. Kila upande umepata ngozi yake: mmoja anaitupia roho ya mtu, mwingine anaitupia serikali. Ubora wa Kezilahabi ni kwamba amekataa zote mbili. Kabla ya risasi ametupa kurasa nyingi za maisha ya Tumaini: ulevi wake, starehe zake, kiburi chake, na pia jasho lake. Risasi inapotoka, unajua haikutoka kwenye shamba peke yake wala kwenye damu peke yake.

Hata hivyo, nina ugomvi na mwalimu wetu huyu, na nausema kwa heshima. Ukilitazama jina la kitabu, dunia ndiyo uwanja, na fujo ni mchezo wake. Kila mtu anaingia, anacheza fujo yake, anatoka. Ni kauli nzito, lakini ina hatari. Ikiwa dunia ndiyo yenye fujo, basi mimi na wewe tumesamehewa. Naogopa kwamba na hii nayo inaweza kuwa ngozi ya simba, tena ngozi nzuri kuliko zote kwa kuwa imeshonwa kwa falsafa. Jambo la pili, nikimaliza kitabu namjua sana aliyeua, lakini sikai msibani kwa aliyeuawa. Hapo, naona, pamebaki nafasi ambayo kizazi chetu kinaweza kuandika.

Turudi nyumbani, maana wapo watakaosema mambo ya watu-simba ni ya wakoloni. La hasha. Vifo vya vikongwe wanaoitwa wachawi vimeitesa kanda hii miaka mingi, toka Shinyanga na Mwanza mpaka Tabora na kwetu Singida. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, na panga halikuisoma. Bibi anahukumiwa kwa macho mekundu, wakati macho yale ni ya miaka hamsini ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe jikoni, akiwapikia haohao. Sasa sikiliza hili. Mtafiti Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, ambayo ukitoka Mkalama unaingia kwa kuvuka mto Sibiti tu. Mwaka 2005 alichapisha alichokikuta: katika miaka ya mvua mbaya kupita kiasi, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yalikuwa mara mbili ya miaka mingine, lakini mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na aghalabu waliwaua ni ndugu zao.

Yaani mvua ikikataa, bibi anakuwa mchawi. Mvua ikinyesha vizuri, macho yaleyale mekundu ni ya bibi tu, anakaa kivulini anachambua mboga. Ghala tupu lina mdomo mmoja wa ziada, na uchawi ni ngozi anayovishwa mwenye mdomo huo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Hapa mwenye kupenda siasa atashangilia: "Umeona? Ni umaskini! Ni jamii!" Nami namwambia asubiri kidogo. Katika vijiji hivyo hivyo, ukame ulikuwa mmoja kwa wote. Nyumba nyingi zilikuwa na bibi, na nyumba nyingi hazikuua. Umaskini unaweza kueleza kwa nini panga limenolewa mwaka huu na si mwaka jana. Hauelezi kwa nini jirani hakulishika. Takwimu inaishia kwenye mlango wa nyumba. Ndani ya nyumba anaingia mwandishi wa riwaya, au haingii mtu.

Na tusijidanganye kwamba sisi wa mjini tumestaarabika. Kila aliyekaa stendi au sokoni ameshasikia ule ukelele: "Mwizi! Mwizi!" Dakika mbili hazipiti, mawe yamekuja, ya tatu, tairi. Watazame wanaopiga. Si majambazi. Ni fundi cherehani, ni muuza vitunguu, ni kijana wa bodaboda, ni mwanafunzi mwenye sare. Nusu saa baadaye fundi amerudi kwenye cherehani na anakupima kiuno kwa mikono ileile. Ukimuuliza nani amemuua yule kijana, anakujibu, "Wananchi wenye hasira." Jamani, wananchi wenye hasira ni nani? Mbona hawana majina wala wake wala watoto? Nao ni simba tu. Na mwaka 2017, alipopigwa risasi Dodoma Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki, midomo ya nchi nzima ilikuwa imeshazoea msemo mwingine: watu wasiojulikana. Kiswahili chetu kitamu hakikosi ngozi mpya. Ndiyo maana nasema kazi ya kuvua ngozi ni yetu sisi tunaoandika, kwa kuwa ngozi zenyewe zimeshonwa kwa maneno.

Basi, mwandishi mwenzangu, kabla hujamlaza maiti wako ukurasa wa kwanza, nakuomba ujiulize mambo matatu. Nani anafaidika na kifo hiki: shamba linakwenda kwa nani, ng'ombe wanakwenda zizi gani? Nani alijua akanyamaza, na alinunuliwa kwa nini, kwa fedha au kwa hofu? La tatu ndilo gumu kuliko yote: yule mwenye njaa ileile na hasira ileile ambaye hakuua, alizuiwa na nini? Riwaya zetu zimejaa wauaji. Hatuna hata mhusika mmoja wa kukumbukwa ambaye aliletewa panga akasema hapana, kisha tukaonyeshwa gharama aliyoilipa kijijini kwake kwa neno hilo moja. Kama yupo na mimi sikumsoma, niandikieni jina la kitabu, nitakitafuta hata kwa kutembea.

Mimi nimemaliza kidato cha nne tu, sina shahada ya kunilinda. Lakini riwaya ninayoiandika ipo mwaka 1947, nje kidogo ya mji huu wenye mawe na upepo, na imekwama sura ya nne. Usiku mmoja kijana ameletewa ngozi ya simba na mtu anayemheshimu, mtu aliyemlipia mahari kaka yake. Nje wanasubiri wawili. Mama yake yuko macho chumba cha pili, na kijana anajua kuwa anasikia. Ningeweza kumvisha ngozi ile kwa sentensi moja na hadithi ikakimbia kama za Willy Gamba. Nimekataa. Ngozi bado iko sakafuni, na mimi bado sijajua mama atakohoa au atanyamaza.

Wenye maoni tofauti, nipingeni katika toleo lijalo.