Kupanda Lyamba lya Mfipa kwa Baiskeli: Hesabu ya Gia, Upepo na Breki

Anayetoka Mpanda kwenda Sumbawanga kwa baiskeli hukutana na nchi mbili tofauti. Mpanda iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara inashuka hadi Sitalike, inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi kuelekea Kibaoni, kisha inaanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa, ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa, mpaka nyanda za juu za Ufipa. Sumbawanga yenyewe iko karibu mita 1,800. Wengi wanaoshindwa njiani husema miguu iliwaishia. Ukichunguza, utakuta safari iliharibika kabla hata hawajaondoka, pale walipochagua gia, walipojaza upepo na walipofunga mzigo.

Njia za upande huu wa nchi zimeshapitiwa na wageni wengi. Tour d'Afrique, safari ya baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town iliyoanzishwa na Wakanada mwaka 2003, hapo mwanzo ilipita Arusha, Dodoma na Iringa. Baadaye ikahamia magharibi, ikitokea Rwanda na kushuka kwa Kasulu, Mpanda na Sumbawanga. Safari hiyo huondoka Cairo mwezi Januari na kufika Cape Town mwezi Mei, kwa hiyo waendeshaji huikuta Tanzania katikati ya masika. Inafaa tuangalie wanavyoifanya, na tuwatazame pamoja na wabeba mkaa na mpunga wa Katavi, ambao wamezijua njia hizi kwa miaka mingi kwa baiskeli za Phoenix zenye gia moja tu.

Tuanze na gia. Chukua baiskeli ya kawaida ya gia moja, kama Phoenix, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila ukizungusha pedeli mara moja, baiskeli inasogea karibu mita 5.4. Chukua sasa baiskeli ya changarawe, ile iliyoundwa kwa barabara zisizo na lami, yenye meno 40 mbele na gia kubwa ya nyuma yenye meno 42. Mzunguko mmoja unakusogeza mita 2.1 tu. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, mwendeshaji akiwa na kilo 85 pamoja na baiskeli yake na maji, ile gia moja inaudai mguu nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50 katika kila mkanyago. Gia ndogo inadai karibu kilo 20. Kilo 50 unaweza kuzikanyaga kwa dakika chache, lakini kilo 20 utazikanyaga asubuhi nzima.

Kasi nayo ina hesabu yake. Ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika kwenye gia ndogo, unapanda kwa kilomita saba na nusu hivi kwa saa, na mwili unatoa karibu wati 130. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida anazimudu kwa saa kadhaa. Ukitaka mizunguko hiyo hiyo kwenye gia moja ya Phoenix, utahitaji wati 340 hivi, na hiyo ni kazi ya mtu anayeishi kwa mashindano. Anayenunua baiskeli kwa ajili ya milima ya Rukwa na Katavi aanze kwa kuhesabu meno ya gia kubwa ya nyuma. Rangi na jina la kampuni vije baadaye.

Hapo ndipo akili ya mbeba mkaa inapoonekana. Yeye, baiskeli na magunia yake mawili huweza kufika kilo 165. Akifika kwenye mwinuko hashindani nao. Anashuka, mkono mmoja unashika usukani, mwingine unashika mzigo, na anasukuma. Mwinuko wa asilimia 6 unamdai msukumo usiokoma, kwa mwendo wa kutembea. Hajashindwa anaposhuka. Miguu iliyokanyagishwa kupita kiasi kwenye kilima cha kwanza haitakuwepo kwenye kilima cha tatu, na yeye anaijua barabara yake kilima kwa kilima. Mwendeshaji wa changarawe naye anapaswa kuamua mapema: mwinuko ukifika mahali fulani, au tairi la nyuma likianza kuteleza kwenye kokoto, nashuka na kutembea.

Jambo la pili ni mzigo. Tour d'Afrique husafiri na malori yanayobeba mahema, chakula na maji, kwa hiyo mwendeshaji hubaki na chupa, tyubu ya akiba na zana chache. Asiye na lori akiongeza kilo 20 juu ya zile 85, uzito unapanda kwa karibu robo, na kwa nguvu zile zile muda wa kupanda unarefuka kwa karibu robo vilevile. Ndiyo maana ukiona picha za wageni wakipanda kwa wepesi, usijipime nao kabla hujaangalia nani amebeba mizigo yao. Kinachobaki kwenye baiskeli kifungwe chini na katikati ya fremu. Mzigo mrefu juu ya keria unaiyumbisha baiskeli kila unaponyanyuka kwenye kiti.

La tatu ni upepo wa tairi. Barabara ya moramu ikikauka hujikunja mawimbi mafupi yanayotikisa meno mdomoni. Wengi hujaza upepo mpaka tairi linakuwa gumu, wakidhani gumu ndilo jepesi. Kwenye lami ni sawa. Kwenye changarawe tairi gumu linadunda juu ya kila jiwe, na kila mdundo unakula nguvu uliyokusudia kusonga nayo mbele. Kwa mtu wa kilo 70 hivi na tairi la milimita 45, psi 30 hadi 35 zinatosha. Tairi linalalia mawe na kushika udongo. Angalia pia ukingo wa barabara, pale bodaboda walipokanyaga kamba nyembamba ya udongo laini. Mara nyingi hapo ndipo barabara ilipo njema.

Masika hubadilisha kila kitu. Udongo mweusi wa mbuga unashika tairi, unajaa kwenye uma na chini ya madigadi, na baada ya hatua chache gurudumu haligeuki tena. Hapo gia haina msaada. Madigadi yaondolewe mapema, nafasi kati ya tairi na fremu iwe pana, na kijiti cha kukwangulia tope kiwe karibu na mkono. Moramu nyekundu iliyolowa huteleza, kwa hiyo breki ya mbele iguswe kwa upole.

Kushuka ndiko kunakotaka heshima kubwa zaidi. Ukishuka mita 300 ukiwa na kilo 85, nishati inayotakiwa kupotea ingetosha kuchemsha robo tatu ya lita ya maji. Kwenye mteremko wa asilimia 6, changarawe yenyewe hula karibu robo yake, na inayobaki hubebwa na upepo na breki. Mbeba mkaa wa kilo 165 ana karibu mara mbili ya nishati hiyo, na breki zake za fimbo hubana ringi kwa vipande viwili vya raba. Ndiyo sababu hushuka taratibu tangu juu, kandambili za tairi zikikwaruza ardhi, bila kuiacha kasi ijijenge. Breki za diski zina nguvu zaidi, ila kanuni ni ile ile: punguza mwendo kabla ya kona, achia ndani ya kona, na rudisha uzito nyuma ya kiti. Afrika Mashariki inalijua hili kwa uchungu. Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mwendo kasi katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa miongoni mwa waendeshaji hodari tuliokuwa nao.

Kipande cha hifadhi, kilomita zipatazo 70 kati ya Sitalike na Kibaoni, kina kanuni yake. Kuna tembo, nyati na simba, na kuna mbung'o. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi na hufuata kitu kinachotembea, na mtu anayepanda kwa kilomita saba kwa saa hawezi kuwakimbia. Uliza langoni Sitalike kabla ya lolote, na baiskeli ipande gari. Hakuna sifa ya kuvuka makazi ya simba kwa pedeli.

Lami sasa imefika Mpanda kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora. Wafanyabiashara wanaifurahia, na wana haki. Lakini njia za changarawe zinazobaki, za kuelekea Mwese na vijiji vya Mlele, ni mali ambayo Mkoa wa Katavi haujaihesabu. Mratibu atakayetaka kuleta mashindano huku aanze na watu wawili: fundi baiskeli wa Mpanda, apewe mafunzo ya breki za diski na akiba ya vipuri, na mbeba mkaa, alipwe kama mshauri wa njia. Wao ndio wanaojua kilima kipi kinasukumwa, mteremko upi una mchanga chini, na mvua ikinyesha ni siku gani barabara inafaa kuachwa ikauke.