Mfumo wa Mafaili Usio na Mbwembwe

Mtu akiniuliza aweke mfumo gani wa mafaili kwenye seva ya ofisi, namuuliza kwanza habari za umeme wake. Jenereta ipo? UPS inahimili dakika ngapi? Jioni seva inazimwa na nani, na inazimwa kwa amri au kwa kuchomolewa ukutani? Wapo wanaodhani nawakwepa, maana wao walikuja na swali la kasi. Lakini siku umeme ukiwa mzuri, karani anayehifadhi ankara hawezi kujua kama chini yake pana ext4, XFS au Btrfs. Mtandao wa ofisi humchelewesha kabla diski haijapata nafasi ya kumchelewesha. Tofauti huanza pale umeme unapokatika ankara ikiwa imeandikwa nusu.

Kuhifadhi faili moja si tendo moja. Data yenyewe huandikwa mahali fulani diskini. Ukubwa wa faili na tarehe yake hurekebishwa kwenye inodi (rekodi ya maelezo ya faili), jina huingizwa kwenye folda, na ramani inayoonyesha sehemu zilizo wazi na zilizojaa hubadilishwa nayo. Diski haiwezi kuyafanya yote kwa mpigo. Ikikatishwa katikati, folda inaweza kubaki ikitaja faili lisilokuwepo, au ramani ikadai mahali pako wazi ilhali pana mkataba wa mtu. Kuandika programu ya kuhifadhi mafaili ni kazi ya wiki chache kwa mwanafunzi hodari. Kuandika ile ambayo inaweza kukatishwa popote, kwenye hatua yoyote kati ya hizo, kisha ikaamka na akili timamu, huchukua miaka. Ufundi ninaousifu hapa ni huo wa pili.

Mwaka 1993 Linux ilipata ext2, mfumo mzuri na wa haraka, ila haukuwa na kumbukumbu ya ulichokuwa ukifanya. Mashine ikizimika ghafla, programu ya fsck ililazimika kupita diski nzima na kulinganisha folda, inodi na ramani. Diski ndogo haikuwa tatizo. Diski zilipokua, ofisi ilisubiri, na kwenye diski kubwa ilisubiri kwa saa nyingi.

Dawa ilikuwa daftari. Muuza duka mwangalifu huandika kwanza anachotaka kuhamisha, ndipo anapohamisha mzigo. Akiitwa nje ghafla, akirudi husoma ukurasa wa mwisho tu, hahesabu duka zima. Hivyo ndivyo ext3 ilivyofanya, kwa kazi iliyoongozwa na Stephen Tweedie, ikaingia kwenye kerneli ya Linux 2.4.15 mwishoni mwa 2001. Saa za kusubiri zikawa sekunde.

Ninachokipenda zaidi katika ext3, hata hivyo, ni adabu yake kwa watu waliokuwa na data tayari. Mpangilio wake diskini ulikuwa uleule wa ext2. Fundi alitoa amri moja ya tune2fs, daftari likaongezwa juu ya diski iliyojaa kazi za watu, bila kufuta chochote wala kunakili kwingine. Akijuta, aliweza kurudi. Ext4 nayo ilipokuja iliweza kusoma diski ya ext3 kama ilivyokuta. Mbunifu mwenye pupa angeanza upya, na huenda angepata mfumo mwepesi zaidi kwenye karatasi.

Ext4 ilitangazwa kuwa imara katika kerneli 2.6.28, Desemba 2008. Mojawapo ya siri za kasi yake ni kuchelewa kwa makusudi: data hukaa kwenye RAM kwanza, mfumo ukiangalia faili litakuwa kubwa kiasi gani, ndipo huchaguliwa mahali pamoja pa kuliweka badala ya kulitawanya vipande vipande. Ext3, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilipeleka data diskini kabla ya kufunga kila ukurasa wa daftari, takriban kila baada ya sekunde 5. Waandishi wa programu walikuwa wamezoea hivyo hadi wakasahau kwamba hakuna aliyewaahidi.

Mwanzoni mwa 2009, watu waliokuwa wakijaribu toleo jipya la Ubuntu wakaanza kulalamika. Mashine ilikwama, wakaiwasha upya, na mafaili ya mipangilio ya programu zao yakawa na ukubwa wa sifuri. Jina lipo, ndani hamna kitu. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwamba kiwango cha POSIX hakiahidi lolote hapo. Anayetaka uhakika aite fsync, amri inayoilazimisha kerneli kufikisha data diskini kabla ya kujibu. Kwa mujibu wa kanuni, alikuwa na haki. Makosa yalikuwa ya waandishi wa programu.

Na bado akaandika viraka. Kuanzia kerneli 2.6.30, ext4 ikawa inatambua programu inapobadilisha faili la zamani kwa jipya kwa ile njia ya kizembe, bila kuita fsync, na data ya faili jipya ikawa haicheleweshwi tena. Sehemu ya kasi ilitolewa sadaka kwa ajili ya watu ambao, kisheria, hawakustahili. Nimesoma mabishano mengi ya mafundi wa kompyuta, na wengi wao wakishaonekana kuwa na haki huishia hapo. Ts'o hakuishia hapo, na ndiyo maana ninauamini mfumo wake kuliko ninavyoamini grafu yoyote ya majaribio ya kasi.

Grafu hizo zina historia yake. ReiserFS ilipoingia kwenye kerneli mwaka 2001 ilisifiwa kwa jinsi ilivyoyamudu mafaili madogomadogo, na SUSE iliifanya chaguo lake la kawaida. Mwaka 2006 SUSE iliamua kuhamia ext3. Mwaka 2008 Hans Reiser, mbunifu wake, alihukumiwa kwa kumuua mkewe. Msiba huo ni wa familia ile kwanza, sitaki kuugeuza kuwa mfano wa kompyuta. Ila ni kweli kwamba mfumo uliobeba jina la mtu mmoja ulibaki na walezi wachache, na mwaka 2025 kerneli 6.13 ilitoka bila huo. Bcachefs, kijana mwenye vipaji vingi, iliingia 6.7 mwanzoni mwa 2024, ikaondolewa 6.18 kabla ya 2025 kwisha, baada ya mivutano kati ya mwandishi wake na wasimamizi wa kerneli. Unapochagua mfumo wa mafaili, tazama pia ni watu wangapi watakaoutunza diski yako ikifika umri wa miaka kumi.

XFS imepita mtihani huo. Silicon Graphics waliiandika miaka ya 1990 kwa ajili ya mashine zao za IRIX, zilizobeba mafaili makubwa ya picha na video, na tangu 2014 ndiyo chaguo la kawaida la Red Hat Enterprise Linux. Ofisi ya ramani, studio ya video, au seva inayoandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, hapo ningeiweka bila kusita. Kasoro yake ni ukubwa: ukishaikuza, usitegemee kuipunguza, kwa hiyo gawa diski kwa uangalifu tangu mwanzo. Kwa upande mwingine, inodi zake huongezeka kadiri zinavyohitajika. Ext4 huziweka idadi maalumu siku diski inapoandaliwa, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16. Ndiyo maana seva ya barua pepe yenye mamilioni ya mafaili madogo inaweza kusema imejaa ilhali gigabaiti zimebaki tele. Andika df -i utaona.

Btrfs na ZFS zinafanya jambo ambalo ext4 na XFS hazifanyi: zinapiga hesabu ya ukaguzi kwa kila kipande cha data, na kikisomwa kimeharibika zinajua. Ukiwa na diski mbili zenye nakala ileile, zinajua pia ipi ni nzima. Ni ufundi wa hali ya juu. Lakini ZFS, kwa sababu ya leseni yake, huishi nje ya kerneli, na kila unapopandisha toleo la kerneli lazima uhakikishe vinaendana. Btrfs yenyewe, katika maelekezo yake rasmi, inakukataza kutumia RAID5 na RAID6 kwenye kazi halisi. Hifadhidata inayoandikwa mfululizo juu yake hutawanyika na kupungua kasi. Fundi anayezifahamu azitumie. Ofisi isiyo na fundi wa kudumu isubiri.

Kuna pia ushauri unaopaswa kukataliwa hadharani. Diski nyingi zina kumbukumbu yake ndogo ya ndani, na hujibu kwamba zimeandika ilhali data bado iko humo. Linux huziamuru zimwage data hiyo kabla ya ukurasa wa daftari kufungwa. Ext4 inaruhusu kuzima amri hiyo kwa kuandika barrier=0, na namba za majaribio hupanda kweli. Fundi anayekuachia mstari huo kwenye fstab, juu ya diski za kawaida, amekuuzia kasi kwa gharama ya daftari zima.

Kwa ofisi ya watu ishirini, yenye ankara, mikataba na hifadhidata moja ya wastani, mimi ningeweka ext4 kwa mipangilio yake ya kawaida, juu ya diski mbili za RAID1, zenye nakala ileile. Ningeongeza noatime, inayozuia tarehe kuandikwa kila faili linaposomwa, basi. Fedha iliyobaki ingenunua UPS inayoweza kuiamuru seva ijizime yenyewe, na diski ya bekapu inayokaa jengo jingine, kwa sababu hakuna daftari linalozuia mwizi kuondoka na mashine. Na bekapu hiyo irejeshe angalau faili moja kila mwezi, ulifungue, ulisome. Isiporudi, huna bekapu.