Viraka Vyenye Kauli

Neno kiraka, katika mazungumzo yetu, huashiria ufukara. Ndiyo sababu mfarishi wa viraka husifiwa kwa kubana matumizi tu, wala hauhesabiwi kuwa sanaa. Sisi twaona kwamba hukumu hiyo ina kasoro.

Huko Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, baridi ya usiku wa Julai hudai kifuniko kizito. Mwenye khanga zilizochakaa aweza kuzikata, kuziunganisha, kuzitia bitana na kushona matabaka yote pamoja. Lakini khanga si kitambaa kitupu. Ina pindo, mji na jina. Na jina hilo ni usemi kamili.

Hapo ndipo mshonaji apimwapo. Akikata jina katikati ya neno, amepata joto na kupoteza kauli. Akilihifadhi zima, akalizungushia vipande vya pindo, ametunga upya. Maana majina ya khanga mbili yawekwapo jirani hujibizana.

Mwalimu wa sayansikimu atoaye alama kwa unyofu wa mshono pekee hufundisha nusu ya kazi. Mshono mnyofu twautaka, kwani uliolegea hufumuka. Hata hivyo, mwanafunzi adariziye foronya kwa mawaridi ya kunakili na salamu za Kiingereza hana budi kuulizwa: kazi yako yasema nini, na kwa lugha ya nani?

Asiyeulizwa swali hilo atajua kushona, lakini hatajua kutunga.