Gereza, Pango au Handaki?

Katika mchezo wa masimulizi uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, wachezaji huketi mezani, hurusha dadu na kuvizuru vyumba vya chini ya ardhi vilivyochorwa katika ramani. Mahali hapo tupaiteje?

Wapo wapendekezao gereza. Hatukubaliani nao. Neno la Kiingereza lina maana hiyo, lakini asili yake katika Kifaransa ni mnara wa ngome, na mchezo nao umelipa maana ya tatu. Mwanafunzi wa Korogwe akisoma “ramani ya gereza” atatazamia askari na wafungwa, wala si joka na hazina.

Pango lina sifa yake: msomaji wa Mkoa wa Tanga hukumbuka Amboni mara moja. Hata hivyo, pango ni kazi ya maumbile, na ramani hizi zina milango na ngazi. Duara la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Handeni, limechimbwa kwa mikono. Lakini juu ya ramani litadhaniwa kuwa umbo la jometri.

Twapendekeza mahandaki. Neno hili lanuka vita kidogo, lakini lataja njia zilizochimbwa na watu. Anayeongoza mchezo na aitwe fanani, neno walijualo walimu wa fasihi simulizi. Ramani ya fanani huficha siri. Ramani ya wachezaji huchorwa kadiri wanavyosonga. Mfasiri akizichanganya, mchezo umeharibika kabla ya dadu kurushwa.